Mimi Ndio Nilikuwa Tumbo la Kujifunzia

Haiumi. Ni baridi tu, kama mtu amekumwagia uji ya jana tumboni halafu anaitafuta na kichanuo. Najua hiyo ndio mlikuwa mnataka kuniuliza, juu kila mtu akisikia nililala kwa kitanda ya casualty, pale kwa dharura, miezi na miezi bila kuwa mgonjwa, kwanza anaangalia tumbo yangu, halafu anaangalia mlango kama kuna mtu anasikia, halafu ndio anauliza. Sasa nimejibu. Kaeni chini.

Shule mimi sikuenda. Anayeandika hii ni huyu msichana wa records, na nimemwambia aandike vile naongea. Akianza kuninyoosha, nanyamaza. Mambo ya mshahara na vyeo pia hamtasikia kwangu. Cheo yangu ilikuwa moja, mopu. Niliishika siku ya kwanza na nikairudisha juzi nikitoka, imebadilishwa kichwa mara mingi kuliko hospitali imebadilisha wakubwa.

Siku ya kwanza nilipewa Selina anifundishe. Selina alikuwa mwembamba, mkali, na anaongea na pua: "Weeee! Shuka haitolewi hivyo, kama unamenya ndizi. Iangalie kwanza." Nikaona huyu mama ana wazimu, shuka ni ya kuangalia nini? Akanionyesha. Damu unaosha na maji baridi, ukiweka moto umeipika na haitatoka tena. Sindano inajificha kwa mkunjo. Angalia wapi pamelowa, wapi pamekauka, rangi ni gani. "Mgonjwa anaweza kukudanganya," Selina akasema, "bibi yake anaweza kukudanganya, na daktari hata usiseme. Shuka haina shida na wewe." Alinifundisha hiyo na akanifundisha kuficha sabuni, juu wodi ya wanaume walikuwa wanaiba. Hizo mbili zimenitosha miaka yote.

Sasa mashine, ile ya ultrasound, ya kuona ndani ya tumbo. Ililetwa elfu mbili na saba, wakati mvua ya masika ilikuwa imeanza. Ilikuja na Daktari Jaspal, Kalasinga wa hapa hapa Nakuru, ako na kliniki yake town. Mtu mrefu, kilemba safi, Kiswahili chake kinatembea haraka kuliko yangu. Mashine aliibeba mwenyewe kama mtu amebeba sufuria ya mchuzi. Akasema atakuwa anakuja Jumanne na Alhamisi kufundisha maclinical officer, wale matabibu wetu, bure.

Hiyo bure ndio ilileta shida. Sista Rozi alimkunjia macho, akaniambia chini chini, "Mtu anaacha kliniki ya pesa, anakuja kutufundisha bure? Huyo anatafuta kitu." Yule askari wa geti akasema hiyo mashine inaonyesha mtu amekula nini, na kama jana ulikunywa, inaonyesha chupa. Hata mimi nilimwangalia Jaspal hivi, na jicho moja. Nilikuwa naosha sakafu karibu na yeye mara tatu kwa saa ndio nisikie anasema nini.

Alikuwa anasema hivi, na mikono yake ikipepea: "Hii si ile ya maternity, jamani! Hapa hatutafuti mtoto. Mtu amegongwa na gari, nje hata mkwaruzo hana, ndani tumbo inajaa damu. Mkono wako hauwezi kuona. Hii inaona. Damu inakuja nyeusi, kama maji ya mtaro. Lakini lazima mjifunze na watu wazima wa afya kwanza. Nani atalala?"

Kila mtu akakumbuka kazi ingine. Masista hawangelala hata ungewapa kiwanja. Hiyo mashine ikipita karibu na tumbo ya msichana, kesho hospitali mzima inajua. Siku hizo nusu ya casualty ilikuwa inaficha kitu kwa tumbo, na nusu ingine ilikuwa inataka kujua ni ya nani. Nikaweka mopu kwa ukuta. Nikamwambia, "Daktari, mimi nilale. Kwa hii tumbo hakuna habari. Hiyo duka ilifungwa kitambo." Wakacheka. Hivyo ndio nikawa tumbo la kujifunzia.

Sehemu ni nne. Mnazijua nyinyi mliosoma, lakini mimi nilizijua na ngozi. Chini ya moyo. Kulia, hapa maini na figo zimekutana. Chini kwa kibofu, na hapo Jaspal alikuwa ananinywesha maji mpaka macho inaelea. Na kushoto. Kushoto ndio ilikuwa inawashinda, juu bandama iko nyuma sana, karibu na mgongo, na mtu akiogopa kufika huko anabaki mbele anachezea upepo. Jaspal alikuwa anapiga kelele kama kondakta: "Nyuma! Nyuma zaidi! Ngumi iguze godoro! Kama ngumi haijaguza godoro, hujafika!" Akifanya mwenyewe, nilikuwa nasikia vile ngumi yake inanisukuma kwa ubavu, halafu kwa kioo inatokea figo kama kiazi mdogo, na bandama imeikalia juu kama kuku.

Siku ambazo Jaspal hayuko, walikuwa wanajifunza na mimi asubuhi nikimaliza kudeki. Akanipa kazi. Kila mwanafunzi na kopo yake, na mimi na mfuko wa maharagwe. Mtu akipata kushoto vizuri, namwekea haragwe moja. Kopo ikijaa, huyo yuko tayari kupimwa. Hakutaka waandike wenyewe. "Wakiandika wenyewe watanidanganya," akasema. "Wewe, Mama Mopu, huwezi." Nilivimba kichwa wiki mzima.

Sasa kulikuwa na Festus. Wengine walikuwa vijana wametoka college juzi, lakini Festus alikuwa mtu mzima, clinical officer wa miaka mingi, alikuwa jeshini Gilgil kabla aje kwetu. Sauti kama anaita gwaride: "MAMA! HAMJAMBO?" na uko peke yako. Mikono yake ilikuwa ya ajabu. Anafinya tumbo ya mtu kidogo, anafunga macho, anasema appendix, na ni appendix. Lakini hiyo mashine ilimkataa. Vijana waliishika kwa wiki, yeye alikuwa ananiwekea karibu na kitovu, anakaza uso, anauliza, "Mama Mopu, hiyo ndio bandama?"

"Hiyo ni chai yangu, daktari."

Vijana wakaanza kumwigiza huko nyuma. Hata mimi nilimwigiza, siwezi kuwadanganya. Halafu asubuhi moja akafunga pazia, akakaa kwa stuli, na ile sauti ya gwaride ikapotea. "Mama," akaniambia, "hawa watoto ni mimi niliwafundisha kushona vidonda. Sasa wananicheka. Niwekee tu hizo maharagwe. Nitajifunza polepole, mwenyewe."

Nikaweka. Nilimhurumia, na pia niliona ni mchezo. Tumbo ni yangu, maharagwe ni yangu, nani ataniuliza? Kila asubuhi nikamwekea, mpaka kopo yake ikajaa mbele ya wale vijana. Jaspal siku ya kupima alikuwa anachagua sehemu moja kwa kila mtu. Festus akaangukia kulia. Kulia aliijua. Akapita, tukapiga makofi, na mimi nikapiga ya nguvu zaidi.

Halafu uchaguzi ukaja, na mnajua kilichofuata, majirani wakakatana juu ya kabila. Sitaki kuwapa hesabu ya wale walioletwa, sikuhesabu, nilikuwa naosha. Lakini nitawaambia vile ilikuwa kufanya kazi. Hakuna mtu alikuwa anasalimia mtu bila kumuuliza kwanza wewe ni wa wapi. Mgonjwa anataka kujua sista ni wa wapi kabla achukue dawa. Sista anaangalia jina kwa kadi kabla ashike sindano. Watu waliokula chakula pamoja miaka wakaanza kufunika vikombe vyao. Kuna mzee aliletwa kutoka Kaptembwo na kichwa imepasuka, Festus akawasha mashine, mzee akashika mkono yake: "Ngoja kwanza, boss. Hiyo kitu inaonyesha nilipigia nani kura?" Festus akamwambia, "Mzee, inaonyesha tumbo." Mzee akafikiria, akasema, "Basi usiangalie sana."

Barabara ya Nairobi ikafungwa. Gel ya mashine, ile wanapaka kwa ngozi, ikaisha. Ile gel kama haiko, mashine haioni kitu, inaonyesha giza tu. Jaspal akakaa ameshika kichwa. Nikamuuliza, "Hiyo gel si ni kama uji tu?" Nikaenda jikoni, nikapika unga ya muhogo, nyepesi, na chumvi kidogo, nikaiacha ipoe. Matron akanipata nikikoroga. Huyo matron anaongea kama anatangaza mazishi: "Mama Mopu. Nani. Amekuruhusu. Kupikia. Mashine." Lakini ilifanya kazi. Jaspal alinibusu kilemba... hapana, alibusu mkono yangu, msichana futa hiyo. Shida ilikuwa moja. Ile uji ikikauka kwa shuka inakuwa ngumu kama kola ya padri. Mgonjwa akishuka, shuka inabaki na viraka vigumu, na ni mimi wa kuloweka. Kiraka kubwa kabisa ilikuwa ya kushoto, juu hapo mkono unaenda mpaka godoro na uji inafuata. Nilikuwa naichukia hiyo kiraka.

Sasa Jeremiah. Ilikuwa mchana, saa saba hivi. Mpakiaji wa viazi, kutoka Molo, amekuja na bibi yake na begi moja. Amekunja uso, anatembea ameinama upande. Karani akamuuliza ameumia nini, akasema gunia ya viazi ilimwangukia mbavuni. Karani akaweka kalamu chini. "Gunia? Siku hizi gunia ya Molo imeanza kubeba rungu?" Jeremiah akasema tena, gunia. Mpaka leo sijui ilikuwa gunia ama ilikuwa rungu. Na Festus alikuwa wa wapi, na Jeremiah alikuwa wa wapi, pia sitawaambia. Hiyo miezi tulisema hayo maneno ya kutosha.

Festus akamfinya, akamlaza, akapita na mashine. Mimi nilikuwa nje namwaga maji, sikuona. Niliporudi, alikuwa ameshaandika. "Sehemu zote nne safi," akasema. "Apewe dawa ya maumivu, aende." Jeremiah akaachwa amelala hapo akingoja dawa. Bibi yake anasimama, anakaa, anasimama. Kulikuwa na lori inaondoka saa nane na askari wa kuisindikiza, inapeleka watu Gilgil, na huko ako na dada yake. Ingine haijulikani itatoka lini. "Twende, Baba," anasema. "Daktari amesema uko safi. Twende."

Akashuka kitandani. Nikatoa shuka. Na kwanza nikaiangalia, vile Selina alisema.

Kifua, kiraka ndogo. Kulia, kiraka, imeanza kukakamaa. Chini, kiraka. Nikageuza kushoto. Laini. Kavu na laini, kama imetoka kwa kamba. Nikapitisha mkono tena. Nikanusa hata. Hakuna tone ya uji.

Nikamwangalia Festus. Nataka niwaambie ukweli wa hiyo dakika, juu huu ndio ukweli nimebeba. Kitu ya kwanza nilifikiria ni ile kila mtu alikuwa anafikiria hiyo January. Nilisema, huyu ameruka kushoto juu huyu mtu si wa kwao. Na nikasikia kama nimepumzika. Juu kama ni hiyo, basi mimi simo. Halafu nikakumbuka kopo. Ni mimi nilijua hajui kushoto. Mtu mwingine hakujua, Jaspal hakujua, kopo ilikuwa imejaa.

Nikamwendea karibu, chini chini. "Daktari, kushoto hukuguza."

"Niliguza."

"Shuka ni kavu."

"Alilia nikimgeuza. Nimemfinya na mikono, tumbo ni laini. Mama Mopu, shika mopu yako."

Bibi ya Jeremiah akasikia. Akanigeukia, na macho ilikuwa imebadilika kabisa. "Wewe mama, unataka tuachwe na lori juu gani? Ehe? Nani amekutuma? Wewe ni wa wapi?"

Jeremiah alikuwa amekaa kwa benchi akivaa gambuti, jasho baridi imemtoka. Alikuwa amevaa moja. Nikachukua ile ingine, nikaitumbukiza kwa ndoo ya mopu, nikabeba ndoo nikaenda nayo. Mtu hawezi kupanda lori na gambuti moja. Nilisikia bibi yake akipiga nduru nyuma yangu, "Mwizi! Huyu mama ni mwizi!" na watu wote wa korido wakiinuka, juu siku hizo mtu akipiga nduru, unainuka kwanza, unauliza baadaye.

Jaspal alikuwa chumba ya pili anashona mguu. Nikamwambia, "Kuja uangalie kushoto ya mtu." Akaangalia ndoo, akaangalia kiatu. Akaja na uzi bado kwa glavu, akaitoa, akamlaza Jeremiah tena. Akapaka uji. Ngumi ikaenda nyuma, ikaguza godoro.

Nilikuwa nimeona hiyo picha kwa tumbo yangu mara mingi sana. Kiazi mdogo, na kuku juu yake. Hii ilikuwa na ukanda mweusi imezunguka kuku, mnene, kama maji ya mtaro. Jaspal, huyo mtu wa kelele, akamwambia sista polepole, theatre, sasa hivi. Na Festus alikuwa amesimama mlangoni, mikono imenyooka kando kama yuko kwa gwaride.

Lori iliondoka. Bibi ya Jeremiah alibaki kwa korido na begi na gambuti moja imelowa, na mimi nikadeki pale alikuwa amesimama, na yeye akainua miguu. Bandama ilitolewa. Jeremiah akapona, akatoka akitembea mwenyewe. Siku ya kwenda akaniambia, "Mama, ulinilowesha kiatu." Hiyo ndio asante nilipata, na ni kubwa.

Baada ya hapo tukaitwa. Medsup, yule mkubwa wa hospitali, alikuwa mtu wa sauti ndogo, polepole, anaongea kama kila neno anatoa kwa mfuko yake. Mashine hakuwahi kuipenda. Ofisini tulikuwa yeye, matron, Jaspal, Festus na mimi, na mimi nilisimama karibu na mlango juu kiti zilikuwa nne.

"Bwana Festus. Uliandika sehemu nne."

"Ndio, sir."

"Ulifanya ngapi?"

Festus akaangalia ukuta. "Tatu, sir. Kushoto sijui kuipata. Sijawahi kujua."

Jaspal akaruka kwa kiti. "Hujawahi? Na kopo yako ilijaa!" Festus akaniangalia mara moja, kidogo tu, akarudisha macho kwa ukuta. Angeweza kusema. Ilikuwa maneno matatu, ni mama aliniwekea, na tungeenda wote wawili. Hakusema. Jaspal alidhani alikuwa anajiwekea maharagwe mwenyewe nikigeuka.

"Na ni nani aligundua?" Medsup akauliza. "Ni wewe, daktari?"

Jaspal, na moyo wake mzuri, akafikiria ananisifu. "Si mimi. Ni Mama Mopu. Aliangalia shuka."

"Shuka." Medsup akanigeukia. "Ulijuaje, mama?"

Nikamwambia ya shuka. Nikamwambia ya uji, ya Selina, ya ngumi na godoro. Niliongea sana, nikaigiza hata sauti ya Jaspal, na matron akacheka kidogo. Ya maharagwe sikusema. Mdomo ilikuwa imefunguka, nilikuwa na nafasi, na nikaifunga.

Nimewaambia nyinyi leo, juu mnabaki na mtapewa wanafunzi wa kuangalia, na mtu mzima mwenye haya atawafungia pazia. Mfundisheni kushoto, hata akilia. Mashine haikuwahi kutudanganya hata siku moja. Mimi niliishuku toka ilipoingia, na kwa mambo hayo yote ndiyo peke yake ilikuwa haina kosa. Festus alipelekwa dispensary huko juu mbele ya Molo, na nasikia bado anafinya watu na macho imefungwa. Jaspal aliweka mashine kwa buti ya gari, akanipungia mkono, na hakurudi kutufundisha tena. Vijana wakarudi kubahatisha na mikono. Yote hayo yalitoka kwa maneno ya Medsup hiyo siku, na aliyasema polepole, akiniangalia mimi kama mtu anaangalia mtoto aliyepita mtihani:

"Mfagiaji abaki, ndiye peke yake mkweli hapa. Hao wawili watoke, na mashine yao."